Pesa ya Italia haijui jina, inajua namba!

Wa kijiweni, wa saluni, na wewe unayesoma gazeti la jirani kwa kuchungulia begani ndani ya daladala, wote nawasalimu. Ila wewe wa daladala, nunua la kwako bwana!

Leo sina habari za mapenzi. Najua kuna watakaonuna, lakini vumilieni, wiki ijayo mapenzi yapo pale pale. Leo nataka tuongee mapene, tena mapene ya kuvuka bahari. Mwenzenu yalinikuta, nusura nilizwe mchana kweupe, tena nikiwa ndani ya benki na mlinzi mwenye bunduki kasimama mlangoni!

Iko hivi. Ninaye binamu yangu, mtoto wa shangazi, binti ana kichwa hasa. Akapata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Bologna, kule Italia. Chuo chenyewe cha kale, wenyewe wanahesabu kimeanza mwaka 1088. Septemba 2024 mtoto wa watu akakwea pipa, ukoo mzima tukaenda kumsindikiza uwanja wa ndege, shangazi akalia mpaka kitenge kikalowa.

Kufika kule, kasheshe! Vyumba hakuna. Wanafunzi ni wengi, vyumba ni vichache, na kila chumba kina foleni yake. Binti akawa analala kwenye godoro sakafuni kwa wenzake, begi ndiyo mto. Wiki ya pili akampata dalali mmoja, dalali akampeleka kwa bibi mmoja mjane mwenye chumba cha ziada. Kodi euro 400 kwa mwezi, na kabla ya kupewa funguo aweke amana ya miezi miwili, yaani euro 800. Bibi hataki pesa mkononi, anataka ziingie benki. Akasema mwisho Ijumaa, ikipita hapo chumba anapewa mwingine.

Pesa anazo shangazi huku Dar. Ilikuwa zamu yake ya upatu. Akazifunga kwenye leso, akanikabidhi: "Baba, wewe ndiyo msomi wa hapa nyumbani, kashughulikie." Msomi mwenyewe ndiyo mimi na Fomu Foo yangu! Lakini mwanaume hakatai. Nikapiga pasi shati, nikaenda zangu benki, ilikuwa Jumatano.

Binti alikuwa amenitumia kwenye simu picha ya karatasi ya yule bibi. Karatasi ya siku nyingi, imekunjwa mpaka imeanza kuchanika. Imeandikwa CIN, halafu herufi moja. ABI, tarakimu tano. CAB, tarakimu tano. Conto, tarakimu sita. Chini jina la bibi. Nikajaza fomu, nikampa dada wa dirishani. Dada akachukua kalamu akaanza kuhesabu moja moja kama anahesabu mayai.

"Kaka, hizi ziko 17. Italia wanataka 27."

Nikachoka mwenyewe. Nikamwambia, "Dada yangu, si jina la bibi lipo hapo? Si wamtafute kwa jina?"

Akacheka, akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau: "Kaka, pesa haiulizi jina. Inafuata namba."

Basi bwana, kwa kuwa foleni ilikuwa fupi, dada akanipa darasa. Mengine nikaenda kuyachimba mwenyewe baadaye. Sogeeni karibu niwape.

Waitaliano kutuma pesa toka akaunti moja kwenda nyingine wanaita "bonifico". Zamani, ili bonifico lifike, ulihitaji hizo namba alizokuwa nazo bibi yetu. ABI ni namba ya benki. Jina limetokana na Associazione Bancaria Italiana, chama cha mabenki ya Italia kilichoanzishwa mwaka 1919. Kila benki ina yake: UniCredit ni 02008, Intesa Sanpaolo ni 03069, posta yao, Poste Italiane, ni 07601. Monte dei Paschi di Siena, ile benki iliyoanza mwaka 1472 na bado ipo, ni 01030. Ukiujua mchezo, hata ukoo wa benki unauona: zinazoanza na 05 ni za ukoo wa zile benki za ushirika wanazoziita "popolari", 06 ni za ukoo wa benki za akiba, na 08 ni zile ndogo ndogo za ushirika za vijijini.

CAB ni namba ya tawi. Kirefu chake ni Codice di Avviamento Bancario, namba ya kuielekeza pesa mahali pake. Hapa ndipo patamu, kwa sababu tarakimu za mbele zinakuonyesha mji. Matawi mengi ya Roma yanaanza na 032, Milano 016, Napoli 034, Firenze 028, Genova 014, Torino 010, na Bologna kwa bibi yetu 024. Ila msichanganye CAB na CAP. CAP ni namba ya posta ya mtaa, ile ya kuandika kwenye barua. Ukiijaza kwenye fomu ya benki, utaambiwa rudi nyumbani.

Conto ni akaunti yenyewe. Hiyo lazima itimie nafasi 12. Kama mtu ana tarakimu sita tu, upande wa kushoto unaweka sifuri sita. Wengi wanadhani sifuri za mbele ni mapambo, wanazikata. Kumbe sifuri hizo ni kama matofali ya chini: ukiyatoa, nyumba haisimami.

Halafu kuna CIN, ile herufi moja. Huyo ni mlinzi wa getini. Nitamrudia sasa hivi.

Ulaya walipotaka namba za nchi zote zisomeke kwa mtindo mmoja wakaleta IBAN, na kuanzia mwaka 2008 Italia ikawa lazima kuitumia hata kwa kutumiana wenyewe kwa wenyewe. Lakini Waitaliano hawakutupa vitu vyao vya zamani. Walivipanga ndani ya IBAN kama nguo ndani ya sanduku: IT ya nchi, tarakimu mbili za ukaguzi, herufi ya CIN, ABI tano, CAB tano, akaunti 12. Hesabu: mbili, mbili, moja, tano, tano, 12. Jumla 27. Karatasi ya bibi ilikuwa na 17, zikapungua 10: IT na tarakimu zake mbili ni nne, na sifuri sita za mbele ya akaunti. Umeona eeh?

Kuna IBAN moja inayotumika kila mahali kama mfano wa kufundishia, msije mkaitumia pesa! IT60 X054 2811 1010 0000 0123 456. Ifungue: IT, 60, X, halafu 05428 ni benki, 11101 ni tawi, 000000123456 ni akaunti.

Sasa yule mlinzi X katoka wapi? Hajaokotwa. Chukua tarakimu zote 22 za benki, tawi na akaunti, uzipange mstari mmoja. Zilizokaa nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea, zijumlishe kama zilivyo. Zilizokaa nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea zinabadilishwa kwanza: 0 inakuwa 1, 1 inakuwa 0, 2 inakuwa 5, 3 inakuwa 7, 4 inakuwa 9, 5 inakuwa 13, 6 inakuwa 15, 7 inakuwa 17, 8 inakuwa 19, 9 inakuwa 21. Jumlisha zote. Kwenye mfano wetu unapata 75. Gawa kwa 26, inabaki 23. Ukihesabu alfabeti A ikiwa ni sifuri, ya 23 ni X. Chukua kalamu ujaribu, nakusubiri.

Sasa tuseme ulikuwa na haraka, mwishoni badala ya 56 ukaandika 65. Jumla inakuwa 76, inabaki 24, herufi inatakiwa iwe Y. Wewe umeandika X. Mlinzi anakusimamisha: "Oya, unakwenda wapi?" Na zile tarakimu mbili baada ya IT ni mlinzi wa pili, yeye anafanya hesabu ya kugawa kwa 97, na lazima ibaki 1. Kwa hiyo kidole kikiteleza, mara nyingi sana pesa haiondoki kabisa. Hiyo ni raha.

Lakini jamani, walinzi hawa wanajua kitu kimoja tu: namba imetimia au haikutimia. Akaunti ni ya nani, hawajui wala haiwahusu. Na hapo ndipo mimi nilipotaka kulizwa.

Dada akaniambia sifuri anaweza kuzijaza, lakini zile tarakimu mbili tusizibuni, mwenye akaunti azitoe mwenyewe. Nikampigia binti, hapokei, yuko darasani. Nikakaa kwenye kiti nasubiri. Dakika kumi hazijapita, simu ikalia: ujumbe. Ni yule dalali! Binti alimpa namba yangu kwamba kaka yake ndiye anayelipa. Kaandika kwa adabu kabisa, kwamba bibi ni mzee, hizi namba zinamchanganya, hivyo amemwomba yeye anitumie IBAN kamili. Chini imo IBAN yenyewe, 27 bila kupungua, na jina la bibi herufi kwa herufi. Akamalizia: fanya leo, kuna mtu mwingine anakitaka chumba.

Nikaruka kama nimeshinda bahati nasibu. Mbio dirishani. Dada akaziingiza, kompyuta ikakubali. Walinzi wote wawili wakapiga saluti! Nikashika kalamu nitie saini.

Dada akaangalia kioo chake, akaniangalia mimi. "Kaka, huyo bibi anakaa wapi?"

"Bologna."

"Mbona tawi linasoma Torino?"

Nikafungua ile picha ya karatasi ya bibi. Nikaweka namba mbili sambamba. Karatasi, CAB inaanza na 024. Ujumbe wa dalali, 010. Nikatazama ABI, nazo hazifanani: benki moja huku, benki nyingine kule. Kitu kilichofanana ni kimoja tu, jina la bibi. Na jina, washkaji zangu, mtu yeyote anaweza kuliandika!

Mikono ikaanza kutoka jasho. Nikaona leso ya shangazi mbele yangu. Nikapiga simu Italia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne binti akapokea. "Mdogo wangu, acha kila kitu, nenda kwa bibi sasa hivi, muulize kama ana akaunti Torino." Akaenda mbio. Nusu saa baadaye akanipigia, anahema. Bibi kasema Torino alikwenda mara moja tu maishani, harusini, akiwa msichana.

Nikakaa chini. Dada wa dirishani akaniletea maji.

Bibi mwenyewe akafungua kabati, akatoa taarifa ya benki ya mwezi ule, binti akapiga picha. Safari hii kila kitu kilikaa mahali pake: IT, tarakimu mbili, herufi ile ile ya kwenye karatasi kuukuu, ABI ile ile, CAB ile ile, sifuri sita, halafu zile tarakimu sita. Tukatuma. Nakala ya malipo nikaipiga picha nikamtumia binti, bibi akaikubali, Ijumaa akampa funguo. Pesa yenyewe iliingia Jumatatu. Dalali alipopigiwa, simu ikaita mpaka ikachoka. Mpaka leo.

Sasa kuna mtu atasema, hata zingekwenda Torino si wangeona jina haliendani wakazirudisha? Thubutu! Sheria ya malipo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inasema wazi: benki ikilipa kwa kufuata namba uliyoiandika, imemaliza kazi yake sawasawa, hata kama jina ni la mwingine. Itakusaidia kujaribu kuzirudisha, lakini mzigo ni wako. Ni mwaka 2024 ndipo walipotunga sheria nyingine, na tangu tarehe 9 Oktoba 2025 mabenki ya nchi za euro yanatakiwa kulinganisha jina na IBAN kabla mteja hajaruhusu malipo ya euro, na kumtahadharisha kama haviendani. Safi sana. Lakini ulinzi huo ni kwa wateja wa mabenki ya kule. Wewe unayetuma toka dirisha la Dar au Mombasa, usiutegemee.

Wengine mtaniuliza, na SWIFT je? Hiyo ni namba ya benki kimataifa, ina herufi na tarakimu 8 au 11. Ya UniCredit ni UNCRITMM: nne za kwanza ni benki, IT ni nchi, MM ni Milano. Ya BNL ni BNLIITRR, na RR ni Roma. Lakini hiyo mara nyingi inaonyesha makao makuu. Bibi anaweza kuwa na tawi lake Bologna na SWIFT ikasoma Milano, hapo usipige kelele. Anayejua tawi ni CAB.

Na nisiwatie wasiwasi bure. CAB ya mji mwingine peke yake si ushahidi wa wizi. Mtu anaweza kuwa alifungua akaunti Roma akahamia Bologna, na zile benki za kwenye simu zinaweza kuwapa wateja wao wote CAB moja. Hata ABI hubadilika benki zikiungana: mwaka 2021 UBI Banca ilimezwa na Intesa Sanpaolo, wateja wakapewa IBAN mpya, karatasi za zamani zikawa za kufungia karanga. Kwa hiyo tofauti siyo hukumu. Tofauti ni swali, na swali linaulizwa kabla ya saini, tena anaulizwa mwenye akaunti, haulizwi dalali.

Angalieni pia herufi mbili za mbele. Chumba kipo Italia, IBAN haianzi na IT, uliza kwa nini. San Marino, kile kinchi kilichozungukwa na Italia, wanatumia mpango ule ule wa 27 ila wanaanza na SM. Vatikani, iliyo katikati ya Roma, wanaanza na VA na wana 22 tu. Majirani wa ukuta mmoja, namba mbalimbali!

Na nyie mnaotumiwa pesa toka kule, maana najua kuna washkaji wa Zanzibar wanaofanya kazi na watalii wa Kitaliano, Mtaliano atakudai IBAN yako. Usihangaike kuitafuta, Tanzania hatutumii IBAN. Mpe namba ya akaunti, jina kamili la kwenye akaunti, na SWIFT ya benki yako. Mwelezee taratibu, asije akadhani wewe ndiyo tapeli.

La mwisho, makato. Kwenye fomu kuna mahali wanauliza nani analipa gharama. Ukichagua SHA mnagawana, na mwenye nyumba anaweza kupokea pungufu. Ukichagua OUR unabeba wewe. Kama ni amana ya chumba inayotakiwa iwe kamili, chagua OUR, maana kwa euro 12 zilizopungua mtu anaweza kukunyima funguo.

Shangazi mpaka leo hajui habari ya Torino. Nilimwambia tu pesa zimefika salama, akanipikia pilau. Akisoma hapa, shangazi, shikamoo, na unisamehe. Yule dada wa dirishani naye hajui kama ameingia gazetini. Dada, wewe ndiye uliyeuliza bibi anakaa wapi, sisi wengine tulikuwa tunasoma jina.

Haya, tukijaliwa tuonane wiki ijayo, na mapenzi yenu nitayaleta. Ciao!